Maji ya Mwisho ya Ba

Kwa Wahindu, mtu anapokaribia kukata roho hutiwa maji kinywani. Si maji ya bomba. Ni maji ya mto wao mkubwa, Ganga, yaliyosafirishwa kutoka India katika chombo kidogo cha shaba kilichozibwa, na pamoja nayo huwekwa jani la mrihani wao mtakatifu, wanaouita tulsi. Anayetia maji hayo ni mtoto wa anayekufa, au mtu anayehesabiwa kuwa mtoto. Ba aliniahidi kwamba yake nitamtia mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wengi, hata wa kwetu, walidhani nimeganda katika nyumba ile nikinyemelea urithi.

Ba ni mama, kwa Kigujarati. Kila mtu wa mtaa ule wa maduka ya zamani hapa Tororo alimwita hivyo, mpaka waendesha bodaboda. Alikuwa mjane mfupi, mwembamba, mwenye sari nyeupe na ulimi mwepesi. Aliishi ghorofani, juu ya duka alilolijenga mumewe, ambalo walinyang'anywa wakati Wahindi walipofukuzwa Uganda, kisha wakarudishiwa miaka mingi baadaye. Mumewe alifariki baada ya kurudi. Mtoto wao wa pekee, wa kiume, alibaki Uingereza. Mimi nilitoka kijijini kwetu Lumino nikiwa nimeachika, sina mtoto, nikapanda ngazi zile kuomba kazi ya kuosha vyombo. Nikakaa hadi nikaota mvi.

Sokoni Busia, nilikokwenda kununua vitambaa, walinitania. "Baniani mbaya, kiatu chake dawa," walisema, yaani hao mnawasema vibaya lakini kazi yao mnaitaka. Nilikuwa nawajibu kwa matusi ya lugha yetu, Kisamia. Nilimpenda yule mama, na mtu akimpenda mtu hapendi kutaniwa.

Vile vitambaa vilikuwa vya kumshonea mungu nguo. Katika kabati la sala Ba alikuwa na Krishna mdogo wa shaba, mtoto anayetambaa, asiyezidi ngumi. Kila asubuhi aliogeshwa, akavikwa, akapewa chakula. Mchana alilazwa. Msimu wa mvua alivaa sweta niliyomfumia mimi. Mwanzoni nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilimuuliza Ba ni mungu gani huyo anayelala mchana.

"Yesu yako si lilala kwa mashua?" akasema, bila hata kuinua macho kutoka kwenye dengu alizokuwa akizichambua. Tangu siku ile nikaanza kumuuliza maswali kwa adabu.

Kupika kwenye nyumba ile kulikuwa na sheria yake. Chakula hakionjwi kikiwa jikoni, maana wa kwanza kukionja ni mungu. Nilijifunza kukisia chumvi kwa kunusa mvuke. Ba alichukua kisahani, akakiweka mbele ya kabati, akapiga kengele ndogo, akangoja. Kisha chakula kile kinarudi kikiwa na baraka, na kila mtu anapewa kidogo mkononi. Hata mimi nilipewa. Nilipokea kwa mikono miwili kama ninavyopokea kanisani, na sikuona ubaya wowote.

Swali langu kubwa la kwanza lilitokana na kanisa. Katekista wetu alikuwa amefundisha kwamba kila dini ina mwanzilishi, na ukimjua mwanzilishi umeijua dini. Basi nikamuuliza Ba, yao ilianzishwa na nani.

"Hakuna," akasema. "Wewe jua nani kwanza lilima wimbi?"

Nikasema sijui, wimbi la uji tumelikuta.

"Na sisi likuta." Kisha akanieleza, kwa Kiswahili chake kile cha jikoni, ambacho siwezi kukiandika chote bila kuchosha. Zamani sana, kabla ya wafalme wanaokumbukwa, watu walikaa kando ya mto uitwao Sindhu. Wageni waliotoka upande wa machweo waliwaita watu wale kwa jina la mto wao, wakalitamka kwa namna yao, na jina likaganda: Wahindu. Wao wenyewe hawakuwa wamejiita hivyo. Imani yao waliiita njia ya milele. Maneno yake matakatifu, Veda, hayakutungwa na mtu. Wahenga waliketi kimya misituni wakayasikia. Nayo hayakuandikwa. Kwa karne nyingi yalikaa vinywani, baba akimrudisha mwanawe nyuma kila alipoteleza hata kwenye silabi moja. Hapo nilimwelewa kabisa, maana bibi yangu alinifundisha majina ya ukoo wetu kwa mdomo, na niliporuka moja nilichapwa.

Miungu yao mingi ilinisumbua. Siku moja stima ilikatika, kama ilivyo kawaida ya Tororo, na iliporudi balbu ya jikoni ikawa imeungua. Ba akanionyesha kwa kidole. Sebuleni taa inawaka, akasema, kwa jirani inawaka, jikoni hapana. Stima ni ngapi? Nikasema moja. Akasema Mungu ndivyo alivyo. Krishna, Shiva, mama Lakshmi, hata Baba yenu wa mbinguni, ni taa tu. Halafu akanigusa kifuani. "Na hapa iko ile ile. Kwa wewe, kwa mimi, kwa ng'ombe, kwa mbu. Balbu naungua, stima hapana kufa."

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniambia jambo kubwa kama lile. Nilitoka kwa mume aliyekuwa akiniita gunia tupu kwa sababu sikuzaa, na sasa mama mwenye nyumba ya ghorofa ananiambia kilichomo ndani yangu ndicho kilichomo ndani yake, na ndicho kilichomo ndani ya Mungu. Nililia pale pale jikoni nikasingizia vitunguu. Kama kuna siku niliyoingia mtegoni, ni ile.

Mengine yalifuata yenyewe. Roho haifi, inabadili mwili. Utakavyozaliwa tena inategemea ulichotenda, na tendo halipotei. Nilipomweleza dada yangu jambo hili la karma nilimwambia matendo yanakufuata kama harufu ya mukene, vile visamaki vidogo vya ziwani, mkononi, unaosha na sabuni na bado ipo. Akacheka, lakini akaelewa. Kila mtu ana dharma, wajibu wa mahali alipo, na ukiufanya bila kutazamia malipo unapunguza mzigo. Na mwisho wa yote, baada ya kuzaliwa na kufa mara zisizohesabika, roho iliyotua mzigo inarudi ilikotoka na haizaliwi tena. Hiyo wanaiita moksha. Ba aliitaka kwa uchu. "Mimi nachoka kuzaliwa," aliniambia mara nyingi, akisugua magoti yake. Maji ya Ganga mdomoni, alisema, husaidia roho kutoka moja kwa moja.

Nilimuuliza kuhusu matabaka pia, maana nilisikia kwamba kwao kuna watu wasioguswa. Aliguna. Akasema hayo ni mambo ya zamani, ya vijijini, wanadamu waliyatia wenyewe. Nikaridhika. Mtu akishapenda jibu haulizi mara mbili.

Alikuwapo Kalasinga mmoja mzee, Mhindi wa dini ya Sikh, mwenye malori yanayopita Malaba na Busia, aliyezoea kupanda kumwamkia Ba kila karatasi za forodha zilipomkwamisha. Baba yake na mume wa Ba walikuwa marafiki. Alikuwa na ndevu nyeupe zilizofungwa vizuri na kilemba cha buluu, na alizungumza Kiswahili safi cha upande wa Kenya. Ba alipenda kumchokoza mbele yangu.

"Hawa wote watoto ya sisi," alisema siku moja. "Buddha, mtoto ya mfalme, likimbia nyumba kwenda kutafuta sababu ya taabu. Wajaini, hapana kula hata kitunguu, hapana kanyaga hata sisimizi. Na hii Kalasinga."

Mzee akapangusa ndevu. "Ba, sisi si watoto wenu. Sisi tumejenga kwetu." Kisha akanigeukia mimi, kwa upole. "Mama, guru wetu wa kwanza alifundisha Mungu mmoja asiye na sura, asiye na sanamu. Na hekalu letu halikamiliki bila jiko. Yeyote anayeingia anakaa chini, kwenye mkeka mmoja, mfalme na mfagizi, wanakula chungu kimoja. Unajua kwa nini walianza hivyo?"

Nikasema sijui.

"Kwa sababu kulikuwa na watu waliosema Mungu ni mmoja ndani ya wote, lakini kula pamoja hawataki."

Ba aliendelea kuhesabu shanga zake za sala. Mzee akatazama mtungi wa maji ya kunywa uliokuwa kwenye kona yake, juu ya kibao, wenye kifuniko cha shaba. Akaniuliza kama ni mimi ninayeujaza. Nikasema hapana, Ba hujaza mwenyewe kila alfajiri baada ya kuoga, ni sehemu ya ibada yake. "Ndiyo," akasema, akanywa chai yake. Nilimchukia mzee yule kwa muda mrefu kwa sababu ya ile "ndiyo".

Kanisani kwangu mambo yaliharibika polepole. Kina mama wa kikundi chetu walisikia kwamba nashonea sanamu nguo. Waliniita, wakanikalisha katikati, wakanitaka nichague. Niliwaambia sijawahi kuiabudu, nilimfumia mtoto wa shaba sweta tu, na kama Mungu ana wivu na sweta basi tumempa jina baya sisi wenyewe. Walinitoa kwenye kikundi. Nikaendelea kusali benchi la nyuma, na hakuna aliyenisogezea kitabu cha nyimbo. Ba nilipomsimulia alinishika mkono akasema hao hawajui kwamba stima ni moja. Nikajiona nimeonewa kwa ajili ya jambo la kweli, na hilo lina utamu wake.

Kisha dada yangu akafungua hoteli Busia, karibu na mpaka, ya chai na chapati za madereva wanaongojea malori yao yakaguliwe. Alinitaka nije tushirikiane. Alikuja mwenyewe mpaka Tororo, akakaa kwenye ngazi kwa sababu hakupenda kuvua viatu.

"Wewe unangoja nini huku, dada?" akaniuliza. "Huyo mama akikufa, watakuja watu wake na ndege, na wewe utapewa blanketi. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mimi ndiye nimezaliwa na wewe. Twende, bana."

Alikuwa anasema kweli na nilijua. Nikamwambia Ba kwamba mwisho wa mwezi naondoka. Kesho yake asubuhi aliniita mbele ya kabati la sala, akatoa kile chombo cha shaba, akakiweka kwenye kiganja chake nikione. Akaniwekea mkono mwingine kichwani.

"Siku yangu nafika, mtoto iko mbali," akasema. "Wewe tatia mimi maji. Wewe dikri yangu." Dikri ni binti.

Nilipiga magoti. Sikuwa nimeitwa binti wa mtu tangu mama yangu alipofariki. Jioni ile nilimpigia dada yangu simu nikamwambia siji. Akasema sawa, atamchukua binamu yetu wa Mulanda. Alimchukua, na hoteli inakwenda vizuri hadi leo. Dada yangu hakunipigia tena isipokuwa kukiwa na msiba wa kwetu.

Ba alianza kuzeeka kwa haraka. Miguu ilimvimba. Siku moja aliteleza akiwa amebeba ndoo ya kujaza mtungi, akaumia nyonga. Nikasema kuanzia leo maji nitajaza mimi. Akasema hapana, tununue maji ya chupa. Nikanunua. Chupa alizifungua mwenyewe, na vidole vilipokosa nguvu alizifungua kwa meno. Nilimsema, nikamwambia atang'oa jino kwa ubishi wa kitoto. Kuna siku ya joto kali nilimmiminia glasi ya maji niliyoyachuja, nikayapoza, nikampelekea kitandani. Alinishukuru vizuri. Baadaye nikakuta glasi tupu na udongo wa waridi lake la dirishani umelowa. Nikajiambia hakuwa na kiu. Chapati zangu alikula, mboga zangu alikula, mgongo wangu ulimbeba hadi bafuni. Nani angewaza habari ya glasi moja.

Naomba nisieleweke vibaya. Nimeingia nyumba nyingine za Wahindi hapa Tororo ambako mpishi na mwenye nyumba wanakunywa kutoka jagi moja na hakuna anayekumbuka kwamba kuna jambo. Mimi nasimulia nyumba moja.

Asubuhi ya siku yake, Ba alijua. Mwanawe alikuwa ameshatua Entebbe na yuko njiani, lakini barabara ilikuwa imefungwa na lori lililoanguka kabla ya Iganga. Alipiga simu kila mara, nami nikawa namwekea Ba simu sikioni. Ba akaniambia nimshushe chini. Kwao mtu hafii kitandani; hulazwa sakafuni, karibu na ardhi, mahali palipotakaswa kwa kinyesi cha ng'ombe. Wengine siku hizi hunyunyiza maji tu. Ba alitaka kwa namna ya zamani.

Nilishuka hadi kwa mtu anayechunga ng'ombe wake chini ya ule mwamba mkubwa wa Tororo, nikarudi na kinyesi kibichi ndani ya mfuko. Nikakisiriba sakafuni kwa viganja vyangu, kama tunavyosiriba nyumba zetu Lumino, nikalainisha mpaka hakuna ufa. Nikaosha mikono hadi kwenye viwiko. Nikambeba. Alikuwa mwepesi kuliko debe la mahindi. Nikamlaza, nikamfunika, nikamwekea Krishna wake karibu na kichwa, kwa kitambaa, bila kumgusa kwa ngozi yangu kwa sababu ndivyo alivyonifundisha.

Pumzi zilipoanza kuachana nikavunja kizibo cha chombo. Nikamimina maji kwenye kijiko, nikaweka jani la tulsi. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Nilikuwa nimepoteza kikundi changu, hoteli ya dada yangu, na miaka yangu mizuri kwa ajili ya kijiko kile. Nikakisogeza kwenye midomo yake.

Akafunga mdomo.

Nikadhani ni maumivu. Nikangoja, nikasogeza tena. Akageuza uso ukutani. Maji yakamdondokea shavuni, naye akajifuta kwa ncha ya sari, kwa mkono ule ambao tangu alfajiri haukuwa na nguvu ya kushika simu.

"Ba, ni mimi," nikasema. "Ni dikri yako."

Akafungua macho. Yalikuwa safi kabisa. "Najua," akasema. "Weka chini. Ita mtu ya kwetu."

Nilibaki pale na kijiko. Sikumbuki niliwaza nini. Nakumbuka nilitazama sakafu niliyoisiriba, na alama za vidole vyangu juu yake.

Mtu wa kwao aliyekuwa karibu alikuwa mmoja tu, jirani wa duka la mkabala anayeuza spea za baiskeli. Ba hakuwahi kumsema kwa wema. Alikula nyama ya mbuzi, alikunywa bia hadharani, na hakuwa amewasha taa ya sala tangu mama yake alipofariki. Nilimkuta kaunta, ana sahani ya chipsi na muchomo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, mbele yake. Nikamwambia Ba anaondoka na anataka maji.

"Lakini si uko naye?" akauliza. "Mpe wewe, dada. Kila mtu anajua ni wewe."

"Hataki mkono wangu."

Akanitazama, akatazama sahani yake. Akainuka. Kwenye beseni langu la jikoni alinawa mafuta ya mbuzi, akaenda sakafuni, akashika kijiko nilichokuwa nimekijaza. Ba alifungua mdomo mara moja. Akameza. Nikaona koo lake likipanda na kushuka. Hakuchukua muda mrefu baada ya hapo, naye jirani akamfumba macho.

Tulikaa kwenye ngazi, yeye na mimi. "Dada, usichukulie hivyo," akasema. "Ni watu wa zamani. Kwao kitu kilichopita motoni kimetakasika, chapati, mboga. Maji ya kunywa hayana moto, yanabeba mkono wa aliyeyashika. Bibi yake alimfundisha hivyo, na bibi wa bibi yake. Mimi mwenyewe sijaoga tangu jana."

"Ndiyo maana inauma," nikasema.

Mwanawe alifika alasiri, suruali imejaa vumbi la Iganga. Alikuwa mtu mzima mwenye upara, mwenye adabu. Alilia juu ya miguu ya mama yake. Kisha akainuka akauliza nani alimpa maji. Kabla sijafungua mdomo, jirani akasema haraka, "Ni dada huyu."

Alikusudia wema. Yule kaka akanijia, akainama mpaka chini, akanigusa miguu kwa mikono miwili, kama wanavyomgusa mzazi. Ndicho nilichokuwa nakitaka kwa miaka yote ile. Kilikuwa mbele yangu, na ningeweza kukaa kimya nikakipokea. Nilivuta miguu yangu.

"Si mimi," nikasema. "Nilimpa, mama yako akafunga mdomo. Akaniambia niite mtu wa kwenu."

Jirani akatazama ukuta. Yule kaka alisimama polepole, na usoni mwake hakukuwa na mshangao. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Ulijua," nikasema.

"Alinipigia simu wiki iliyopita," akasema. "Akaniambia niwahi. Alisema alishakuahidi jambo, na hawezi kulitimiza, na akifika wakati ule nisipokuwepo atapata tabu. Dada, nisamehe. Nilijaribu kufika."

"Aliniahidi kwa nini, basi? Mimi sikumwomba."

Akatafuta mahali pa kuweka mikono. "Ulikuwa unataka kuondoka," akasema. "Aliogopa kubaki peke yake."

Nimeachwa na mume, nimetolewa kwenye kikundi cha kanisa, lakini hao angalau walinifukuza kwa maneno yao halisi. Huyu alinishika kwa neno takatifu alilojua ni la uongo, akiwa ameniwekea mkono kichwani, mbele ya mungu wake mwenye sweta yangu. Na mafundisho aliyonipa yalikuwa ya kweli, hilo ndilo linalonikera zaidi. Hakunidanganya kuhusu stima. Alinidanganya kuhusu yeye mwenyewe.

Walimchoma kesho yake, na kwao wanawake hawaendi kuchoma maiti, kwa hiyo nami nilibaki nikisafisha nyumba. Majivu yalipoletwa, yule kaka aliniomba nifuatane naye Jinja, kwenye mto Naili, ambako Wahindu wa huku humwaga majivu ya wapendwa wao, kwa kuwa mto wao uko mbali. Alisema mama yake angependa. Nilitaka kumwambia tusizungumze tena habari za alichopenda mama yake, lakini nilikwenda. Nilitaka kuona mwisho wake.

Pandit, kuhani wao, alisoma maneno yale ya kale, yaliyotoka kinywa hadi kinywa tangu kando ya Sindhu. Mwana wa Ba akamwaga majivu, maji yakayachukua. Kisha akanigeukia, macho mekundu.

"Nawe muombee, dada," akasema. "Apate moksha. Asizaliwe tena."

Nikasogea ukingoni. Nikamwomba Mungu wa Ba na Mungu wa kwetu, ambaye Ba alinifundisha kuwa ni mmoja, na bado naamini ni mmoja. Nikamwomba asimpokee kwanza. Amrudishe upesi, azaliwe Lumino, msichana katika nyumba iliyosiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe, akue, aolewe, aachike, apande ngazi za Tororo kuomba kazi ya jikoni kwa mtu atakayemwambia kwamba roho zote ni moja, na amwamini.

Yule kaka akaniuliza nimeomba nini, na nikamwambia neno kwa neno.